UZI: Walivyokuwa wanatoboa watu vichwa na kukata ubongo ili "watulie", kuanzia Lisbon mpaka Mathari

Nesi wa Zamu

Wakuu habari za jumapili. Juzi humu mtu kauliza kama ni kweli mgonjwa wa akili anaweza kufanyiwa operesheni ya ubongo akapona, watu wakajibu kwa mzaha, mmoja akasema hizo ni muvi. Sio muvi. Mimi nimefanya kazi wodi ya akili miaka 19, sasa hivi nimeacha nauza vifaa vya umeme, na hii habari nilianza kuifatilia chuoni baada ya kuona picha moja ya mwaka 1949, daktari kanyanyua nyundo, mgonjwa kalala, msumari umeingia juu ya jicho, na pembeni wamejaa watu wanaangalia kama wanamuangalia fundi anaziba pancha. Nitaandika kidogokidogo maana simu yangu haikai na chaji, msinikatishe.

Kwanza muelewe hali ilivyokuwa. Kabla ya 1952 hakukuwa na dawa ya skizofrenia (ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo ambayo hayapo), yani hakuna kabisa. Hospitali za vichaa Ulaya na Marekani zilikuwa miji, mtu anaingia na miaka 20 anatoka kwa jeneza, kazi ya manesi ilikuwa kufunga na kufungua. Ndo maana walijaribu kila kitu. Kuna daktari Vienna, Julius Wagner-Jauregg, mwaka 1917 alikuwa anawatia watu malaria makusudi ili homa iue kaswende iliyopanda kichwani, alafu anawapa kwinini. Sisi huku tunaikimbia malaria yeye akapewa Nobeli 1927. Wengine wakazimisha watu kwa insulini, Waitaliano 1938 wakaja na shoti ya umeme.

Kukata ubongo wa kwanza kujaribu kwa sababu ya ugonjwa wa akili alikuwa Mswisi, Gottlieb Burckhardt, mwaka 1888, wagonjwa 6. Alikuwa anatoa vipande vya ubongo wa juu kwa matumaini kwamba msumbufu atageuka mtulivu. Neno lenyewe hilo, MTULIVU, lishikeni nitalirudia. Mmoja akafa, wengine wakapata degedege, alipopeleka matokeo Berlin 1890 wenzake wakamkunjia uso, akaacha.

Kimya karibu miaka 45. Alafu 1935 London kuna mkutano mkubwa wa madaktari wa mishipa ya fahamu, Wamarekani wawili wa Yale, Fulton na Jacobsen, wakasimulia habari za sokwe wao wawili, Becky na Lucy. Becky alikuwa akikosea zoezi anagaragara, anapiga kelele, anakataa kurudi kwenye kizimba. Wakamkata sehemu ya mbele ya ubongo, ikawa akikosea hana hili wala lile, anaendelea tu. Ukumbini alikuwepo Mreno anaitwa Egas Moniz, miaka 60, na huyo hakuwa mtu mdogo, alishakuwa waziri wa mambo ya nje wa Ureno na ndiye aliyebuni mwaka 1927 namna ya kupiga picha mishipa ya damu ya ubongo, kitu ambacho mpaka leo kinaokoa watu wenye kiharusi. Akasikia ya Becky. Ya Lucy ni kama hakuyasikia, maana Lucy alikuwa mpole na baada ya kukatwa akawa mkorofi.

Naweka simu kwenye chaji narudi.

Pilato wa Tandika

Nimekaa pale na karanga zangu. Tiririka mkuu.

Kidume cha Kigoma

Sokwe wa kwetu huku Gombe wangekuwa wanafahamu yaliyompata mwenzao Becky wasingemruhusu mtalii hata mmoja asogee na kamera.

Nesi wa Zamu

😂😂 Haya naendelea.

Tarehe 12 Novemba 1935, yani mkutano umeisha hata miezi minne haijafika, Moniz kashaanza. Mikono yake ilikuwa imeharibiwa na jongo hawezi kushika kisu, kwa hiyo aliyetoboa ni kijana wake Almeida Lima, Moniz anaelekeza. Mgonjwa wa kwanza mama wa miaka 63 mwenye sonona. Wakatoboa matundu mawili juu ya fuvu wakaingiza spiriti ndani ili iunguze nyuzi zinazounganisha mbele ya ubongo na kwingine. Kwa wagonjwa waliofuata, madaktari wakaona spiriti inasambaa ovyo, wakatengeneza kifaa. Ni kijiti chembamba cha chuma, ukibonyeza kwa juu kule mwisho kinatokeza kitanzi cha waya, unazungusha kama unavyozungusha kijiko ndani ya parachichi, unafunga, unatoa. Kinaacha shimo la mviringo. Wanafanya hivyo mara kadhaa kila upande.

Wagonjwa 20. Akatangaza 7 wamepona, 7 wana nafuu, 6 vilevile. Hesabu nzuri sana hiyo kwa kipindi kile. Ila angalia aliwafatilia muda gani, wengi wiki chache tu. Yule mama wa kwanza ambaye alihesabiwa kati ya waliopona alirudishwa hospitali ya vichaa. Na mkuu wa hospitali aliyekuwa anamletea wagonjwa, Sobral Cid, baada ya kuwaona waliorudi akagoma kumpa wengine, alisema sio kwamba wamepona, wameharibiwa.

Moniz Nobeli kapewa 1949. Ikiwa ni miaka 10 tangu apigwe risasi na mgonjwa wake mwingine (ambaye hakumkata) akanusurika.

Shangazi Tabu

Samahani nauliza kwa heri tu, wagonjwa wenyewe walikubali? Au ndugu?

Nesi wa Zamu

Shangazi swali lako limekaa pabaya. Wengi waliosaini ni ndugu au hospitali. Nakuja huko huko maana sasa tunaingia Marekani kwenye balaa lenyewe.

Walter Freeman, Washington. Huyu daktari wa mishipa ya fahamu, upasuaji hakusomea. Akasoma alichoandika Moniz, akamchukua mpasuaji James Watts, na Septemba 1936 wakamkata mama mmoja kutoka Kansas, naye miaka 63 kama yule wa Lisbon. Huyu mama dakika za mwisho aligoma, tatizo lake nywele, alikuwa na nywele za mawimbi hataki zinyolewe. Freeman akamuahidi watazilinda kadiri iwezekanavyo. Alivyozinduka hakuzikumbuka tena nywele. Na Freeman anaandika hilo kama USHINDI, kwamba unaona, wasiwasi umeisha.

Mimi hapo ndipo nilipofunga kitabu siku ile. Yani mtu alikuwa na kitu anakipenda, wakamtoa kukipenda, wakaandika "ameimarika".

Sasa Novemba 1941 wakaletewa binti wa miaka 23, Rosemary Kennedy. Ndiyo, dada yake yule rais. Alikuwa mzito kidogo wa masomo tangu utotoni, na alivyokua akawa na hasira na anatoroka usiku kwenye shule ya watawa alikowekwa, baba yake mzee Joseph akaogopa ataiaibisha familia. Akaamua mwenyewe. Watts miaka mingi baadaye alisimulia ilivyokuwa: binti yuko macho, wamempa dawa ya kutuliza kidogo tu, Watts anakata kutokea juu, Freeman anamwambia sali sala ya Baba Yetu, imba, hesabu. Kipimo chao cha kujua wamekata vya kutosha kilikuwa maneno yake. Alipoanza kuchanganya maneno wakaacha.

Akaamka hawezi kutembea wala kuongea kwa kueleweka. Kutembea kulirudi kidogo kidogo, ila hakupona. Wakamficha, na kuanzia 1949 akawa kwenye kituo cha watawa Wisconsin mpaka kufa kwake 2005, miaka 86. Hayo mashindano ya Special Olympics mnayoyaona yalianzishwa na mdogo wake, Eunice, 1968.

Pilato wa Tandika

Karanga zimenishinda aisee. Huyo mzee angekuwa Mbongo tungesema kamtoa mwanae kafara.

Jini la Buza

Kwa hiyo mnatuambia wazungu walikuwa wanatengeneza MISUKULE hospitalini tena mchana kweupe, alafu sisi ndo washirikina

Dokta Mwanafunzi

OP (mwenye uzi) uandishi mzuri ila unawahukumu kwa macho ya leo. Weka na upande wa pili. Kulikuwa na mgonjwa anajigonga kichwa ukutani siku nzima, anakula kinyesi, kafungwa kamba miaka 8. Akikatwa anarudi nyumbani anakaa mezani anakula na watoto wake. Familia hiyo ukiwaambia lobotomia, yani huko kukata sehemu ya mbele ya ubongo, ni ukatili watakushangaa. Kuna wagonjwa walirudi kazini kweli, na wapo waliomtumia Freeman kadi za krismasi mpaka uzeeni.

Nesi wa Zamu

Dokta nakubali na sijasema wote walikuwa mashetani. Hata yule mtu aliyefungwa kamba miaka 8 namjua, nimemuogesha, jina tu ndo lilikuwa tofauti. Ila twende na Freeman mwenyewe uone ilipoishia.

Operesheni ya kutoboa fuvu ilihitaji chumba cha upasuaji, mpasuaji, dawa ya usingizi, na hospitali kubwa za majimbo hazikuwa na hivyo. Freeman akataka njia ya haraka. Mtaliano mmoja, Fiamberti, alishapita juu ya jicho tangu 1937, Freeman akaichukua akaianza Januari 1946, chombo cha kwanza alikitoa kwenye droo ya jikoni kwake, ule msumari mrefu wenye mpini wa kuvunjia barafu. Sitii chumvi. Mgonjwa anapigwa shoti ya umeme mpaka azimie, kope ya juu inanyanyuliwa, ncha inapita juu ya jicho mpaka igote kwenye mfupa, hapo mfupa ni mwembamba, unagonga nyundo, unasikia umepasuka, unasukuma ndani sentimita kama tano, unayumbisha, unasukuma tena kidogo, unayumbisha, unachomoa. Unahamia jicho la pili. Dakika kumi na ushee. Mgonjwa anaamka macho meusi kama kapigwa ngumi na Freeman anawashauri ndugu wamnunulie miwani ya jua.

Watts alipogundua kwamba mwenzie anafanya hivyo ofisini, hana glavu, hana usafi wa chumba cha upasuaji, wakatengana. Freeman akaingia barabarani. Mwaka 1952 huko West Virginia alikata watu 228 kwa wiki mbili. Wakati mwingine anaingiza misumari miwili kwa pamoja kushoto na kulia ili kuwaonyesha watazamaji. Jumla yake kama 3,500, na Marekani nzima wanakadiria elfu 40 mpaka 50, Uingereza kama elfu 17. Wengi wanawake. Na mwaka 1960 alimkata mtoto wa miaka 12, Howard Dully, kosa lake kubwa kwa maelezo ya mama wa kambo ni kwamba mbishi, hataki kulala, anaota ndoto za mchana. Ndoto za mchana wakuu! Huyu alikuja kukua akawa dereva wa basi na ndiye aliyezunguka kutafuta faili lake akahadithia redioni 2005.

Mgonjwa wa mwisho wa Freeman ilikuwa 1967, mama aliyekuwa anakatwa kwa mara ya TATU, akavuja damu ubongoni akafa. Hospitali ikamwambia basi.

Kidume cha Kigoma

Nilisikia alikuwa na gari kabisa ya kukatia watu, anapaki mtaani kama gari ya kupima macho?

Nesi wa Zamu

Hiyo chai. Alikuwa anaendesha gari lake la kawaida na vyombo kwenye mkoba, anakatia ndani ya hospitali. Gari kubwa la kulala alilinunua uzeeni kwa ajili ya kuzunguka kuwatembelea wagonjwa wake wa zamani. Kinachoniuma ni kwamba alikuwa anawapenda kweli, alikuwa anakumbuka majina yao.

Binti Mtulivu

Mimi nasoma kimya kimya ila ngoja niongezee moja. Kuna mwandishi wa New Zealand, Janet Frame, alikaa hospitali za akili miaka kama 8, wakaandika ana skizofrenia, mama yake alishasaini karatasi za lobotomia. Daktari mmoja akasoma gazetini kwamba mkusanyiko wake wa hadithi fupi umeshinda tuzo, akaifuta operesheni zikiwa zimebaki siku chache. Baadaye madaktari wa London wakasema hakuwahi kuwa na skizofrenia. Aliishi mpaka 2004 akaandika vitabu kibao. Huwa nawaza waliokuwa kitanda cha jirani ambao hawakuandika hadithi.

Nesi wa Zamu

Binti asante sana kwa hiyo.

Sasa sehemu iliyonifanya niandike huu uzi, na hii ni ya kwetu Afrika Mashariki. Mnaijua Mathari, ile hospitali ya wagonjwa wa akili pale Nairobi? Mwaka 1938 ilipata msimamizi mpya, Mwingereza mzaliwa wa Afrika Kusini, J.C. Carothers. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali ya kikoloni, magonjwa ya akili hakuyasomea wakati anapewa ofisi. Alikaa mpaka 1950. Mwaka 1951 akaandika kwenye jarida la madaktari la Uingereza kuhusu Mwafrika na sehemu ya mbele ya ubongo. Hoja yake: ukimchukua Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo ukamlinganisha na Mwafrika wa kawaida, mara nyingi wanafanana kabisa. Kwamba hatupangi ya kesho, hatujali, tunacheka, hatuoni mbali, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo wetu hatuitumii.

Yani sisi tumezaliwa tumeshafanyiwa lobotomia, bure, bila msumari.

Shirika la Afya Duniani likamuomba aandike ripoti, ikatoka 1953, akayaweka humo. Na mwaka 1954 serikali ya Kenya ikamuita tena, safari hii awaeleze kwa nini Wakikuyu wameingia Mau Mau. Akaandika kurasa na kurasa kuhusu saikolojia ya Mkikuyu aliyekwama kati ya mila na usasa. Ardhi waliyonyang'anywa haikuwa ugonjwa kwenye ripoti yake. Wakae vijijini pamoja wasimamiwe, ndiyo ilikuwa moja ya dawa zake.

Rudi kwenye lile neno nililowaambia mlishike. Akiwa ametulia hasumbui, anaitwa ana ubongo uliokatwa. Akiamka anadai shamba lake, anaitwa mgonjwa. Huyu daktari katika maisha yake alikuwa na swali moja tu la kupima binadamu, katulia au hajatulia, na ni swali lile lile la Burckhardt, la Freeman, la mzee Kennedy.

Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alifanya kazi Algeria, alilichambua hili kwenye kitabu chake cha 1961. Alikuwa na hasira na alikuwa na haki.

Omogusii wa Suneka

Niaje wasee. Mimi Mkisii na hii stori ya Mathari sikuwa naijua, imeniuma. Lakini hebu niulize, mbona hakuna mtu ametaja kwetu? Kisii kulikuwa na omobari, hao wazee walikuwa wanafungua kichwa kitambo kabla hospitali zije. Si hiyo ni ile ile kitu?

Dokta Mwanafunzi

Hapana mkuu, ni tofauti na kwa kweli omobari anatoka na heshima zaidi. Yeye alikuwa anakwangua mfupa wa fuvu taratibu, mara nyingi kwa mtu aliyepigwa rungu au kuanguka akabaki na maumivu ya kichwa yasiyoisha, na akifika kwenye utando unaofunika ubongo anasimama. Utando hagusi. Na mgonjwa ndiye anayekuja mwenyewe na miguu yake, kichwa kinamuuma, anataka kifunguliwe. Daktari mwingine aliyeongoza Mathari miaka ya 50, Margetts, aliandika sana kuhusu hao wazee.

Omogusii wa Suneka

Wueh. Kwa hivyo mzee wa kijiji alijua mahali pa kuacha na huyo wa Washington hakujua. Babu yangu alikuwa na alama kubwa hapa juu ya kichwa, tukiwa watoto alikuwa anatuambia tuiguse, ni laini, unasikia kitu kikidunda chini ya ngozi. Alikuwa anajivunia hiyo kitu.

Jini la Buza

OP sasa iliishaje hii kitu? Walikatazwa?

Nesi wa Zamu

Urusi walipiga marufuku 1950, wa kwanza kabisa hao. Kwingine kilichoimaliza sio huruma, ni kidonge. Mwaka 1952 Paris pale Sainte-Anne, Delay na Deniker walianza kuwapa wagonjwa klopromazini, ile ambayo sisi wodini tunaiita lagaktili. Wodi zilizokuwa na kelele miaka mia zikanyamaza. Marekani ikaingia 1954 na misumari ikaanza kuwekwa kabatini. Na chekeni tu, baadhi ya madaktari walivyokuwa wanaisifia mwanzoni waliiita lobotomia ya dawa.

Operesheni zenyewe hazikufa kabisa. Zilibaki chache, sehemu ndogo sana inachomwa kwa vipimo vya milimita, hasa kwa wenye ule ugonjwa wa kurudiarudia, mtu ananawa mikono mpaka ngozi inachanika, anarudi kuangalia kitasa mara arobaini asubuhi hafiki kazini. Siku hizi kuna ya kuweka waya ndani ya ubongo, betri inakaa chini ya ngozi kifuani, umeme mdogo unapita. Mfaransa Benabid aliianzisha 1987 kwa wanaotetemeka, Wabelgiji 1999 wakaijaribu kwa huo ugonjwa wa kurudiarudia, Marekani wakairuhusu kwa masharti 2009. Ikikushinda inazimwa, hicho ndicho Rosemary hakukipata. Kwa sonona bado wanahangaika, jaribio moja kubwa lilisimamishwa njiani kwa sababu waliowashiwa umeme hawakuwapita sana ambao hawakuwashiwa. Ila nimewapenda kwa sababu waliweka hao wasiowashiwa ili walinganishe. Moniz angefanya hivyo mwaka 1936 sijui historia ingekuwaje.

Anayeuliza kama Bongo ipo, pale MOI (taasisi ya mifupa Muhimbili, Dar) wanapasua vichwa kila siku lakini ni uvimbe, watoto wa vichwa maji, na vijana wa bodaboda. Mgonjwa wako wa akili mpeleke kliniki.

Shangazi Tabu

Nesi umenitoa machozi na nataka kukuuliza kitu cha nje kidogo. Mdogo wangu wa kiume anachoma sindano ya mwezi mwaka wa sita sasa. Kila nikimpeleka wananiuliza "katulia?" nasema katulia, wanachoma, tunaondoka. Na kweli katulia, hapigi mtu. Ila alikuwa anapenda kupiga gitaa huyu, sasa hivi shingo imekaza, mikono inatetemeka, anakaa kibarazani tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Nilikuwa nadhani ndo ugonjwa.

Nesi wa Zamu

Shangazi, kwanza USIACHE sindano, nakusihi, akiacha ghafla mtarudi kule kule. Pili hiyo shingo na mikono inaweza kuwa ni dawa, sio ugonjwa, na ina ufumbuzi, wanaweza kupunguza dozi, kubadilisha, au kumuongezea kidonge cha kulegeza misuli. Ila hawatajua kama husemi. Na mimi nakiri hapa, ile "katulia?" nimeiuliza miaka 19, foleni ya watu themanini, sikuwahi kuuliza swali la pili.

Kliniki yake lini?

Shangazi Tabu

Alhamisi.

Nesi wa Zamu

Mrekodi kwa simu anavyotembea na mikono inavyotetemeka, dakika moja tu, uende nayo. Na gitaa lipo bado?

Shangazi Tabu

Lipo juu ya kabati, nyuzi mbili zimekatika.

Pilato wa Tandika

Shangazi uko wapi? Mimi nipo Tandika, nyuzi ninazo.